Rada, vijisenti na mvujishaji

Sakata la rada ambayo Tanzania iliinunua kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28 lilifika Bariadi, eneo la wakulima wa pamba, kwa kupitia kisiwa cha Jersey. Aprili 2008 gazeti la Guardian liliandika kuwa wachunguzi wa Uingereza waliokuwa wakichunguza ununuzi huo wamebaini zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti kisiwani humo, iliyohusishwa na Andrew Chenge, mbunge wa Bariadi Magharibi, Mwanasheria Mkuu wa zamani na Waziri wa Miundombinu wakati huo. Chenge alikanusha kufanya kosa, akaziita fedha hizo vijisenti, akajiuzulu uwaziri. Pamba ya Bariadi hupimwa kwa kilo na kulipwa kwa shilingi. Vijisenti vya aina hiyo mzani wa mnunuzi haujawahi kuvitoa.

Desemba 2010 tovuti ya WikiLeaks ilianika waraka wa ubalozi wa Marekani wa 2007. Mkuu wa wakati huo wa Takukuru, taasisi ya kupambana na rushwa, Edward Hoseah, alinukuliwa humo akisema biashara ya rada ilikuwa chafu na Rais wa wakati huo, Kikwete, alisita kuwagusa wakubwa. Hoseah alidai amenukuliwa vibaya. Basi mjadala ukawa nani alimwambia nani nini, na rada ikapata mapumziko.

Lawama ziligawanywa hivi. BAE ilitozwa faini ya pauni 500,000 kwa kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, ikalipa pia pauni milioni 29.5 zilizonunua vitabu na madawati. Chenge hakutiwa hatiani kwa suala la rada. Bariadi ilimrudisha bungeni 2010, ikamrudisha tena 2015. Kifungo kilimwangukia askari wa Marekani aliyeivujishia WikiLeaks nyaraka hizo za ubalozi, Chelsea Manning: miaka 35, hadi Rais Obama alipompunguzia adhabu 2017.