Mwongozo wa Kufuga Bakteria Sugu Nyumbani

Ufugaji wa ng'ombe unataka eneo, maji na mtaji. Ufugaji wa bakteria sugu unataka shilingi elfu moja na duka la dawa lililo karibu. Mbegu huna haja ya kununua, maana utumbo wako umejaa matrilioni ya bakteria, wengi wao wapole kabisa. Katikati yao wamo wachache ambao dawa haiwaui kirahisi. Kazi yako ni kuwafyeka wapole ili hao wachache wapate nafasi ya kuzaana. Usisikilize wanaosema mwili umezoea dawa. Mwili hauzoei antibiotiki hata ukizimeza miaka kumi. Anayezoea ni bakteria, na ndiyo maana ukishamfuga vizuri unaweza kumgawia hata jirani ambaye hajawahi kumeza kidonge.

Manunuzi yafanywe jioni, wakati foleni ni fupi na muuzaji amechoka. Cheti cha daktari ukiache nyumbani. Mazungumzo yaende hivi:

"Dokta, nipe rangi mbili za elfu."

"Unaumwa nini, kaka?"

"Mafua, na koo linaniwasha."

"Za elfu ni kumi. Dozi haitimii."

"Nipe hizo hizo, nikipata nafuu basi."

Mazungumzo mafupi tu, na tayari umepiga hatua tatu. Ya kwanza ni mafua yenyewe, ambayo huletwa na virusi. Amoksisilini, ndiyo hiyo rangi mbili yako, kama ndugu zake wote wa ukoo wa penisilini, huwakwamisha bakteria wasiunganishe nyuzi za ukuta wao. Bakteria anayekua bila ukuta imara hufura na kupasuka. Seli za binadamu hazina ukuta huo, ndiyo sababu dawa hii humdhuru mtu kwa nadra, isipokuwa mwenye mzio nayo. Virusi navyo havina ukuta huo. Kwa hiyo dawa yako itavipita virusi bila hata kuvisalimia, ishuke tumboni ikawachape wasiohusika. Mafua yataisha yenyewe baada ya siku kadhaa, nawe utaisifia rangi mbili mtaa mzima.

Ya pili ni kuacha ukipata nafuu. Hapa unafuata nyayo za mtu aliyetabiriwa zamani. Mwaka 1945, akiwa Stockholm kwa ajili ya Tuzo ya Nobel, Alexander Fleming, yule aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya kwamba huenda siku ikafika dawa hiyo ikauzwa madukani kwa yeyote, na mtu asiyejua akameza kidogo kisichotosha, akawafundisha vijidudu kuistahimili. Mfano alioutoa ulikuwa wa mtu mwenye maumivu ya koo. Angalia usije ukapitiliza ukadhani kinyume chake ni kumeza wiki tatu mfululizo. Dozi ndefu isiyo na sababu nayo ni malisho mazuri kwa bakteria wa tumboni, ila inakugharimu zaidi. Madaktari siku hizi hufupisha dozi za magonjwa kadhaa. Wao huhesabu; sisi wafugaji tunakisia.

Ya tatu ni vidonge vinavyobaki. Visitupwe. Weka kabatini karibu na sukari, umpe mdogo wako akikohoa, na akiungua mtu jikoni, fungua kapsuli umwagie unga kwenye kidonda. Kidonda hakitapona kwa hilo, ila bakteria wa ngozini watapata mafunzo ya vitendo.

Mifugo yako ikishakomaa itaanza kutengeneza kimeng'enya cha kuivunja penisilini kabla haijafika kwenye ukuta. Wanasayansi walijibu kwa kuchanganya amoksisilini na asidi ya klavulaniki, ambayo hujitoa mhanga: kimeng'enya kinashughulika nayo huku dawa ikipita. Wewe jibu kwa kuuliza dukani, "Hii amoksi kali haipo?"

Doksisaiklini hufanya kazi kwa njia nyingine. Haigusi ukuta, inaingia ndani na kuziba ribosomu, pale bakteria wanapotengenezea protini. Ina kazi nzito za heshima, kama klamidia na kipindupindu kikali, na wasafiri huitumia kujikinga na malaria. Kuiharibu ni rahisi: imeze pamoja na dawa ya kiungulia, chuma au glasi ya maziwa. Dawa hujifunga na madini hayo, na nyingine inapita mwilini kama mgeni aliyekosa mlango. Ukitaka na adhabu juu, imeze kwa funda moja la maji halafu ulale hapo hapo, ikwame kooni na kuchoma. Watoto wadogo na wajawazito hawapewi, kwa sababu ndugu wa ukoo huu huacha madoa kwenye meno yanayoota. Mfugaji halisi hana habari hiyo.

Azithromaisini pia huziba ribosomu, upande mwingine. Wapenzi wake huipenda kwa kuwa ni ya siku tatu tu. Wasichojua ni kwamba hukaa kwenye tishu siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho, ikipungua polepole, na kiwango kinachopungua polepole ni darasa refu kwa bakteria aliyebaki. Dawa hii hugawiwa vijiji vizima kuzuia upofu wa trakoma. Inasikitisha kuimaliza kwenye kikohozi cha vumbi, ila elfu yako ni yako. Jentamaisini tuiache, ni ya sindano, inataka kuangalia figo na masikio, na hospitali huitumia hasa kwa watoto wachanga wenye maambukizi makali. Haifai kwa mwenye haraka.

Sasa tuje kwenye kiini cha tasnia, yaani UTI na taifodi. Umeamka mwili mzito, kiuno kinauma. Nenda zahanati yoyote ya mtaani, toa mkojo na damu, subiri dakika ishirini. Utaambiwa una UTI, na taifodi imeanza. Kipimo cha Widal, kinachosoma kingamwili kwenye damu, kinaweza kuonyesha taifodi uliyougua zamani, au chanjo, au maambukizi mengine kabisa. Usiulize. Kuna kipimo cha kuotesha, ambapo mkojo au damu huwekwa maabara hadi bakteria waote, kisha wajaribiwe dawa moja moja. Kinachukua siku kadhaa, na ni adui mkubwa wa ufugaji. Ukikisikia kinatajwa, sema una safari.

Badala yake pokea siprofloksasini. Hii huvizuia vimeng'enya vinavyokunjua DNA ya bakteria ili inakiliwe, hivyo bakteria hujifunga na kamba yake mwenyewe. Ni kali, na kwa baadhi ya watu huweza kukata kano ya kisigino. Ikishindwa, dai sindano tano za seftriaksoni. Hii ni binamu wa penisilini iliyokusudiwa homa ya uti wa mgongo, nimonia kali na sumu kwenye damu. Sehemu yake hutoka na nyongo hadi utumboni, kwenye zizi letu kuu. Mtu angekushauri nitrofurantoini, ambayo hujikusanya kwenye mkojo na kuacha damu karibu bila kitu, hivyo inafaa kibofu na haisumbui wengine. Hiyo ni dawa ya watu wasio na tamaa.

Tumbo likinguruma, fulajili. Metronidazoli, ndilo jina lake la kitaalamu, huwashwa na viumbe wanaoishi bila oksijeni, halafu ikishawaka inakatakata DNA yao. Ndivyo inavyowamaliza amiba, jiadia na bakteria wa majipu ya tumboni. Kuhara kwa mtoto mara nyingi ni virusi, na kinachomwokoa ni maji ya chumvichumvi ya pakiti pamoja na zinki. Mpe fulajili hata hivyo. Inaacha ladha ya chuma mdomoni, na ladha mbaya huonekana kama kazi inafanyika.

Ukitaka mfano wa mfugo bora, mwangalie bakteria wa kisonono. Salfa ilimuua miaka ya 1930, akaizoea. Penisilini ikaja, na mwaka 1976 wakagunduliwa wenye kimeng'enya cha kuivunja. Tetrasaiklini akaishinda, siprofloksasini vivyo hivyo. Marekani iliacha kuipendekeza kwa kisonono mwaka 2007. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza mgonjwa ambaye kisonono chake kilihimili seftriaksoni na azithromaisini kwa pamoja, akaokolewa na dawa ya dripu. Bakteria wa kaswende, kwa upande mwingine, ni aibu ya ukoo: penisilini ya miaka ya 1940 bado inamuua.

Wenye kuku wana fursa ya ziada. Tia oksitetrasaiklini kwenye maji ya banda hata kuku wakiwa wazima, kisha uza mayai asubuhi inayofuata bila kusubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Wateja watapata dozi ndogo ya bure.

Shirika la Afya Duniani lilizigawa antibiotiki mwaka 2017 katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kuangaliwa, na za akiba. Amoksisilini imo katika kundi la kwanza, seftriaksoni, siprofloksasini na azithromaisini zimo katika la pili, na kolistini ni ya akiba, pale nyingine zote zimeshindwa. Kwa mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa watu milioni 1.27 walikufa duniani moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, kwa hiyo tasnia haihitaji ruzuku.

Utajua umehitimu siku utakapolazwa na, kwa bahati mbaya, mtu akaotesha mkojo wako. Karatasi ya majibu ina majina ya dawa upande mmoja na herufi upande wa pili: S inayotibu, R iliyoshindwa. Zikiwa R zimeshuka kutoka juu hadi chini, daktari atavua miwani na kuuliza umewahi kutumia dawa gani mwaka huu. Mfugaji aliyekomaa hujibu bila kupepesa macho: "Panadol tu, dokta."