Vichwa Vyetu Viko Kariakoo

Mtu akichaguliwa kamati ya harusi, ananenepa. Mimi wanakijiji wenzangu waliniona nafaa kwa kamati ya usimamizi wa zahanati, ambako kinacholiwa ni ajenda tu. Tunakaa kwenye mabenchi ya wagonjwa, nje ukungu umemeza milima yote ya Tandala, katibu anaandika muhtasari kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwapani, na tunapanga afya ya kijiji kwa mwaka mzima ujao wa fedha. Soda hakuna. Posho ilitajwa siku ya uchaguzi, kwa sauti ya chini, na tangu hapo haijatajwa tena.

Silalamikii posho. Naam, nailalamikia, lakini si leo. Leo nalalamikia kuulizwa tunataka nini.

Msomaji wa Dar atasema: mzee, si ndiyo demokrasia hiyo? Subiri kwanza.

Utaratibu wenyewe ukisimuliwa unapendeza hadi unatamani kuugua. Kila zahanati inaandika mpango wake, na kamati ya wananchi, yaani sisi wa kwenye benchi, inaujadili na kuupitisha. Mpango unasafiri hadi halmashauri ya wilaya, Makete. Huko timu ya Mganga Mkuu wa Wilaya inauchanganya na ya zahanati nyingine, vituo vya afya na hospitali, linatoka buku moja liitwalo Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Bodi ya Afya inalipitia, madiwani wanalipitisha, mkoani Njombe wanalikagua, Dodoma wanalikagua tena, Bunge la bajeti linakaa, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Fedha zenyewe huja kwa robo, na kila robo ina mwendo wake.

Kikao changu cha kwanza nilikwenda na orodha. Juu kabisa niliandika hita ya chumba cha kujifungulia, kwa sababu mtoto anayezaliwa Juni huku kwetu anachungulia, anaonja hewa, anataka kurudi alikotoka. Mama mmoja wa kamati aliongeza godoro. Mzee mmoja alitaka uzio, maana mbuzi wanaingia hadi dirisha la dawa na hawana kadi. Tulibishana vizuri, kwa heshima, kila mtu alisema lake. Mganga mfawidhi wetu, kijana mpole asiyemkatiza mtu, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua kompyuta, akasema, “Wazee wangu, mama zangu, nashukuru sana. Sasa ukomo wetu ni huu.”

Ukomo wa bajeti. Kumbe kiasi kilikuwa kimeshapangwa kabla hatujavaa makoti kuja kikaoni. Na ndani ya kiasi hicho tayari kuna mafungu yenye wenyewe: dawa na vifaa tiba zina sehemu yao ambayo haiguswi, chanjo ina yake, usimamizi una wake. Tulipomaliza kutoa vya watu, kilichobaki kilitosha shimo la kondo la nyuma, na hata hilo tuliambiwa lichimbwe kwa nguvu za wananchi. Uzio hapana. Mbuzi wanaendelea kupata huduma.

Nikauliza, ukomo huu anaukata nani? Hapo ndipo nilipofundishwa hesabu iliyoninyima usingizi.

Tangu mwaka wa fedha 2004/05 serikali iliacha kugawa ruzuku ya afya kwa mazoea, ikaweka kanuni. Katika kila mia, sabini zilifuata idadi ya watu, kumi zilifuata umaskini, kumi zilifuata masafa ambayo gari la afya linazunguka wilayani, na kumi zilifuata vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano. Kanuni imeguswaguswa tangu wakati huo, lakini idadi ya watu haijateremka kitini. Na nikiri, ni kanuni ya haki kuliko ule mtindo wa kale ambapo wilaya yenye majengo mengi ndiyo iliyopata zaidi, na yenye mkubwa anayejuana na mkubwa ikapata na chenji.

Taabu ni kwamba Makete hatuna watu. Sensa ya 2012 ilitukuta hata laki moja hatufiki. Siyo kwamba hatuzai, la hasha! Tunazaa, tunalea, tunasomesha, halafu kijana wetu wa Kikinga akishajua kujumlisha anakwenda kuuza. Ingia Makambako uone maduka ni ya nani. Pita Njombe, pita Mwanjelwa, kisha teremka Kariakoo, simama katikati ya mtaa utoe salamu yetu “Kamwene!” kwa sauti, uhesabu shingo zitakazogeuka. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, karani wa sensa alipouliza nani amelala humu, vijana wangu wote walikuwa wamelala ng'ambo ya Ruaha, na vichwa vyao vikaandikwa huko. Sabini katika mia yetu ilikuwa Kariakoo inavuta shuka.

Sawa, vichwa viende. Mbona miili inarudi? Kijana akiwa mzima ni wa Dar, anachangia ukomo wa Dar. Akikohoa miezi miwili, anapandishwa basi kuja nyumbani kwa mama. Binti anajifungulia huku ili bibi amkande. Wajukuu wanaletwa wakiwa na kaptula na malapa, katika baridi hii, na kufika Ijumaa wanakuwa na mafua. Nani anawatibu? Zahanati ya watu waliohesabiwa, yaani mimi, mke wangu na majirani wetu wenye magoti mabovu.

Halafu kuna mchezo mwingine wa kuchekesha. Hospitali kubwa tulizo nazo huku zilijengwa na makanisa: Tandala na Bulongwa ni za Walutheri, Ikonda ni ya Wakatoliki wa Consolata. Ikonda imekuwa na jina kiasi kwamba wagonjwa wanatoka Mbeya, Songea na hata Dar es Salaam, wanapanda milima na blanketi begani kuja kutibiwa huku. Kwa hiyo Mkinga anahesabiwa Dar, na mtu wa Dar anatibiwa kwa Wakinga. Nilitaka hili liandikwe kwenye muhtasari. Katibu akabadilisha mkono wa kwapani, akaniuliza ni ajenda namba ngapi.

Kuhusu ile kumi ya masafa ya gari, nina neno fupi. Kilomita ni kilomita kwenye karatasi. Aliyewahi kutoka kijiji kimoja cha huku kwenda cha jirani wakati wa masika, akateremka bonde zima ili apande bonde zima, na akifika bado anaona moshi wa jiko lake, atanielewa. Dereva wa tambarare anaendesha kilomita hiyo kwa gia ya nne akisikiliza mpira.

Wazee wenzangu wananiambia nishukuru, maana zamani hatukuulizwa kabisa. Ni kweli. Miaka ya themanini dawa zilikuja kwenye makasha yaliyofungwa, kasha la zahanati lilikuwa ni lile lile nchi nzima. Lililokwenda Kilwa kwenye mbu ndilo lililopanda hadi kwetu kwenye sakafu ya barafu, klorokwini kwa hesabu ile ile. Sisi tunaumwa kifua, wao wamepanga tuumwe malaria. Mtindo huo uliachwa, sasa zahanati inaagiza inachohitaji kutoka Bohari ya Dawa, na kikikosekana huko inaruhusiwa kununua kwa mshitiri aliyeteuliwa, kwa kibali. Tena Bohari ina kiwanda cha mipira ya mikono pale Idofi, Makambako, mkoani mwetu humu humu. Nilijitolea kwenda Idofi na kapu niturahisishie safari. Nikaelezwa kwamba ombi linapanda kwanza ndipo mzigo uteremke, na mwenye kapu hayumo kwenye mnyororo.

Na mnyororo huo ukifikiriwa kwa akili unafanya kazi, nisiseme uongo. Miaka ya tisini kulikuwa na mradi Rufiji na Morogoro, ukiitwa TEHIP, uliofanya jambo ambalo bibi yangu angelifanya bure: uliuliza watu wanakufa kwa nini, kisha ukatazama fedha zinakwenda wapi. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za waliofariki, kwa sababu wengi wanafia nyumbani na daftari la zahanati halina habari zao. Ikaonekana magonjwa yanayoua zaidi yalikuwa yanapata fedha kiduchu. Timu za wilaya zikapewa nyongeza ndogo, kiasi kisichofika dola mbili kwa mtu kwa mwaka, na zana za kupangia. Katika miaka michache vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Fedha kidogo, ila zilielekezwa kwenye ugonjwa uliopo, siyo ule uliopo kwenye kasha.

Tangu 2017/18 tumepiga hatua nyingine. Zahanati ina akaunti yake benki, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja bila kulala halmashauri. Nilifurahi sana siku niliyosikia. Tatizo, alikuja Mfumo, yule wa kompyuta. Zamani tulikuwa na mhasibu, ukimkuta na njaa unampa chai, mnaelewana. Mfumo hanywi chai. Ukitaka kununua bati la choo, Mfumo anauliza kasma, yaani fungu la bajeti la matumizi hayo. Ukiwa na kasma, mtandao haupo. Ukirudi mtandao, robo imefungwa. Bakaa ikionekana mwishoni mwa mwaka, tunaulizwa kwa ukali kwa nini hatukutumia fedha wakati wananchi wana shida.

Basi lipa bima, mzee, unaniambia. Nimelipa. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 ulitaka shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na kwa bei hiyo sina mdomo wa kulalamika. Lakini kwangu, ukiongeza wajukuu walioachwa na wale wenye vichwa Kariakoo, tunazidi sita. Siku ya kuandikisha, karani aliuliza nani aachwe. Mke wangu hakusema kitu, alinitazama mimi tu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nami nalisubiri hilo neno la mwisho lifike nyumbani kwangu.

Niache utani mahali pamoja. Wilaya hii UKIMWI uliipiga mapema, na kuna nyumba ambazo babu na bibi walilea watoto wa watoto wao wote. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wazima, na wa 2022/23 ukaikuta na 12.7, juu kuliko mikoa mingine. Dawa zimewaweka watu hai, nawajua, tunalima nao viazi. Lakini sehemu kubwa ya fedha za UKIMWI ilitoka nje pamoja na mipango yake na taarifa zake, bila kupita kwenye benchi letu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, tuliona kwamba kuna kurasa za mpango wetu zilizokuwa zikiandikwa Washington.

Kwa hiyo kikao kilichopita nilitoa hoja. Sensa zetu ni kila baada ya miaka kumi, ijayo ni 2032. Nikapendekeza kijiji kiandae sherehe kubwa Agosti hiyo, tuwaite watoto wetu wote kutoka Kariakoo, Makambako, Mbeya na kwingineko, walale huku usiku ule mmoja tu, wahesabiwe, asubuhi warudi madukani. Kwa mara ya kwanza kamati ilipiga makofi. Yule mama wa godoro alisema yeye atasimamia vitanda. Mzee wa uzio akataka ng'ombe wawili wachinjwe, maana Mkinga haji bure.

Mfawidhi alisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua kompyuta na kuuliza ng'ombe tuwaweke kwenye kasma gani.