Namna ya Kurithi Mkate wa Bibi Bila Kunuka Moshi

Mwongozo huu ni wa wajukuu wenye shughuli nyingi. Bibi yenu amezeeka, mkate wake wa kumimina unasifiwa kuanzia Mwembetanga hadi Muscat, na katika ukoo mzima hapatikani kijana wa kuupika ukatoka na matundu. Mmekwisha kukubaliana kwenye grupu la WhatsApp kwamba "lazima tuuhifadhi jamani", na karibu kila mtu ameweka kidole gumba. Aliyesema atakwenda lini hajaonekana. Basi mkifuata maelekezo haya kwa uaminifu, mtaupata urithi wote isipokuwa mkate wenyewe.

Anza kwa kuchagua wakati. Unaofaa zaidi ni jioni ya Ramadhani, adhana iko mlangoni, bibi ana masufuria matatu motoni na mtoto analia. Simama mlangoni umuulize, "Bibi, siri yako ni nini hasa?" Epuka asubuhi za katikati ya wiki, pale anapokaa peke yake kwenye mkeka akichambua mchele huku akitafuta mtu wa kuzungumza naye, maana hapo anaweza kukwambia kitu. Vaa nguo nyeupe ili usisogelee makaa. Mwamkie kwa adabu, "Shikamoo bibi," naye akikuitikia, "Marahaba, mke mwenzangu," cheka kama kawaida, usitafakari. Ukitafakari utajiuliza ni mke gani aliyewahi kumfundisha mke mwenzake kile kinachomrudisha mume nyumbani mapema. Ukiwa wa kiume ndiyo umekwisha kabisa: wewe ni mume wake, na mume wa zama zake haingii jikoni, huletewa. Utani wa bibi na wajukuu umeufunga mlango wa jikoni kwa jinsia zote mbili, na mmekuwa mkiufurahia tangu utotoni.

Hatua inayofuata ni vipimo. Dai vipimo. Atasema mchele kiasi, tui lake, hiliki usiionee choyo, sukari mpaka ikubali, hamira kwa ncha za vidole. Usikubali kuzungushwa. Muulize ni gramu ngapi. Atakutazama kwa huruma, kisha atasema, "Vikombe viwili." Andika hapohapo "vikombe 2", funga daftari, ushukuru. Usithubutu kuuliza kikombe kipi.

Kwa wenye udadisi tu: kikombe ni kile cha bati chenye maua, kilichobanduka ukingoni, kinachokaa juu ya kifuniko cha mtungi. Bibi alikua katika dunia ya kibaba na pishi, ambamo vibaba viwili ni kisaga na vinne ni pishi, na kila muuza duka na kila mnunuzi walikubaliana. Dunia hiyo ilipoondoka akajichagulia kibaba chake mwenyewe, nacho ndicho kikombe hicho. Kila kitu chake kimepimwa humo, mchele, tui, sukari, hata maji ya wali. Sasa subiri siku ya mirathi. Shekhe atakuja, mafungu yatahesabiwa bila kosa: mume aliyefiwa na mke mwenye watoto robo, mke aliyefiwa na mume mwenye watoto thumuni, binti nusu ya fungu la kaka yake. Nyumba itapigiwa hesabu, shamba la karafuu litapigiwa hesabu, bangili zitapimwa. Kikombe hakuna atakayekigombea. Atakichukua mpwa mmoja mwenye roho nzuri, akatilie kalamu.

Kuhusu maandalizi, nawashauri myaepuke yote. Kuroweka mchele tangu usiku, kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, kukamua tui kwa kifumbu, kutenga tui zito la kwanza na jepesi la pili, kusaga mchele hata ukiusugua kati ya vidole husikii chenga: hizo ni kazi za mikono na mwachieni yule binti wa jirani anayekuja kumsaidia bibi. Nyinyi fikeni kila kitu kimepangwa mezani kama kwenye vipindi vya televisheni. Ni kweli kwamba bibi huzungumza anapokuna nazi. Ndipo anaposimulia habari za mumewe wa kwanza, mashua iliyozama, na kwa nini dada yake hakuwahi kusema naye tena hadi anakufa. Ukimkuta nazi imekwisha kukunwa, na hayo nayo yamekwisha kusemwa, na aliyeyasikia si wewe. Lakini wewe ulikuja kutafuta mkate, hukuja kutafuta kesi za wazee.

Video ipigwe. Hili halina mjadala. Simu ielekee usoni kwa bibi, kwa sababu uso wake unapendeza na mikono yake imekunjamana, hata kama mapishi yako mikononi. Anapoumimina unga ndani ya sufuria iliyokwisha kupata moto na kupakwa samli, mwambie, "Bibi, rudia hapo, picha haikutoka vizuri." Kisha ongeza taarabu juu ya video. Taarabu ni muhimu, maana bila yake mtu angeusikia unga unapogusa samli, na bibi hutumia sauti hiyohiyo kujua moto wa chini umetosha na sasa ni saa ya kufunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Yeye haangalii saa. Anageuza shingo upande mmoja, anasikiliza, anasema "bado". Funika hayo yote kwa fidla na kanuni, watu watalia kwa uzuri.

Sasa tuje kwenye jambo gumu, nalo ni mama zenu wakubwa na wadogo. Chukua ukoo mmoja wa Ng'ambo, Unguja, wenye mabinti watatu waliofundishwa na mama mmoja. Mkubwa alijifunza kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964. Mkate wake una ute wa mayai mengi, samli isiyo na haya, zabibu kavu juu. Aliolewa, akatawanyika na waliotawanyika, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi ya Oman mwaka 1970 akajikuta Muscat, ambako anaendelea kupika Zanzibar ya usichana wake bila kupunguza yai moja. Nazi zinamsumbua tu. Za Salalah anazipata, kwa kuwa kule kusini mvua za msimu zinaotesha minazi, ila anaapa kwamba hazina tui la kwao.

Wa kati alijifunza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati mchele, sukari na unga vilikuwa vya mgao na foleni, na watu walikula muhogo hadi wakausahau wali. Mkate wake hauna yai. Sukari ni ya kunusisha. Mchele ulipopatikana, haukuwa wa kuchezea, kwa hiyo hauachi uharibike: anauacha uumuke polepole usiku kucha kwa hamira chache sana, na anamwaga tui kwa ukarimu, kwa kuwa mnazi ulikuwa uani na haukupangiwa foleni. Ukimuuliza atakwambia mkate wa asili hauna mayai, mayai ni mambo ya mijini.

Kitinda mimba alianza kushika mwiko katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa na Mzee Mwinyi akaanza kuitwa Mzee Rukhsa. Huyu anatia sukari kama anayelipiza kisasi. Anatia na vanila.

Kila Idi hawa watatu hugombana kwenye simu, na kila mmoja humalizia kwa kusema, "Hivi ndivyo mama alivyotufundisha." Wote wanasema kweli. Mama yao alibadilisha mkate wake kila serikali ilipobadilisha duka, hakumweleza mtu sababu, na mabinti wakaondoka kila mmoja na kipande chake cha historia akidhani ni sukari tu. Kwa hiyo, mkifika hapa, kosa kubwa mnaloweza kulifanya ni kumuuliza kila mmoja alijifunza mwaka gani. Mtaanza kusikia habari za foleni, za nani alikamatwa, za nyumba iliyovunjwa ipate kupita barabara ya Michenzani, na mkate utapoa. Chagueni mmoja, hasa anayetuma pesa, mtangaze kwamba wake ndio sahihi, na wengine wawili wamechanganya.

Mkimaliza, piganieni asili. Asili inatetewa vizuri zaidi na asiyeichunguza. Semeni kwamba chakula cha ukoo kimebaki vilevile "tangu enzi na enzi", na mkija kwenye mchuzi wa kulia wali msitaje kwamba nyanya, pilipili, viazi na hata muhogo wa shida vilitoka Amerika na kuletwa huku baada ya Wareno kupita mwaka 1498. Msitaje kwamba karafuu, fahari ya visiwa, asili yake ni Maluku, na kwamba mashamba yake Unguja na Pemba ni ya karne ya 19. Enzi na enzi, ukizifuata, mara nyingi zinaishia kwa Sayyid Said.

Na suala la hamira mliache kabisa. Katika ukoo huo wa Ng'ambo, mbali na wale watatu, kuna mama mdogo wa upande wa Tanga anayedai kwamba bibi mzaa bibi, kabla ya hamira za dukani, aliuumua mkate kwa tembo la mnazi. Mama mkubwa wa Muscat alipolisikia alitoka kwenye grupu, akarudishwa, akatoka tena. Hao wa Tanga wanajitetea kwamba Wagoa, ambao waliwahi kuwa wengi mjini Zanzibar, wanaumua mikate yao ya mchele kwa tembo hadi leo na inaumuka vizuri. Hoja hiyo haikusaidia kitu. Nafikiri mama mdogo ana haki, lakini sikulisema pale na wala nyinyi msiliseme.

Wapo watu wanaochagua njia ndefu. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kwenye orodha yake ya mifano bora ya uhifadhi kazi ya Kenya ya kuokoa vyakula vya asili, kazi iliyowakutanisha wataalamu, wanajamii na watoto wa shule ili kuorodhesha majani na mboga ambazo vijana walikuwa wameanza kuziona ni chakula cha dhiki. Ilichukua miaka. Nyinyi mna kifurushi cha intaneti cha wiki moja, msijilinganishe.

Hatimaye utafika wakati wa kuupika mwenyewe. Tumia blenda, tumia oveni, tumia tui la kopo. Moto wa oveni unatoka unakojua wenyewe, na hakuna kifuniko cha kupaliwa makaa wala shingo ya kugeuzwa. Mkate ukitoka bila matundu, mnene, mweupe juu na umeshika chini, kuna jibu moja linalokubalika kote pwani: mchele wa siku hizi. Hakuna atakayekubishia. Mchele wa siku hizi umeokoa heshima za wapishi wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Mambo yakizidi, nunua. Hili halina aibu likifanywa kwa ufundi. Ramadhani, baada ya alasiri, akina mama huweka meza njiani na kuuza mikate ya kumimina. Tuma mtoto, apitie mlango wa uani, karatasi itupwe mbali. Uhamishie mkate kwenye sinia ya bibi, uukate mapembe kwa kisu kilichopakwa samli, uurushie ufuta kidogo ili uonekane umehangaikiwa. Wageni wakisifu, inamisha macho. Akitokea mzee akatafuna, akanyamaza, kisha akasema, "Huu ni wa marehemu bibi yako kabisa, hasa hii hiliki na huku kuumuka kwake," usijisifu haraka. Chunguza kwanza uliununua kwa nani.

Kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyeupika ni yule binti wa jirani. Sasa ni mtu mzima, ana watoto na meza yake njiani, na alikaa juu ya mbuzi miaka yote ile nyinyi mkisubiri Jumamosi ya kupiga video. Anajua mkate, anajua mashua iliyozama, anajua na kisa cha dada yake bibi, ambacho mama zenu wanaulizana hadi leo. Nenda umwamkie, umwambie wewe ni mjukuu wa nyumba ile na kwa hiyo mna ujamaa. Ataitikia kwa furaha, atakuulizia afya za wote kwa majina. Bei hatapunguza.