Jinsi ya Kuuogopa Mstari Usiokuwepo

Ukitaka kupima sumukuvu kwenye mahindi yako hapa Kibwezi kwa karatasi ya kipimo, kwanza sahau kipimo cha mimba. Kule mstari wa pili ukitokea, andaa nepi. Kwa malaria vilevile: mstari wa pili, umeugua. Kwa mahindi, ushtuke mstari wa pili unapokosekana.

Homoni ya mimba ni kubwa, kingamwili mbili huishika kwa pamoja, mojawapo ikiwa imebeba chembe za dhahabu. Wekundu unaouona ni dhahabu hiyo. Sumukuvu ni ndogo mno, haishikiki mara mbili. Kwa hiyo hugombea kiti. Ile kingamwili ya dhahabu ni matatu inayotoka Mtito Andei, na mstari ni abiria wa sumu waliopangwa stejini Kibwezi. Mahindi yakiwa safi, matatu inafika tupu, inasimama, mstari unang'aa. Yakiwa na sumu, viti vimejaa njiani; matatu inapita, steji inabaki bila rangi. Mstari ule mwingine, wa udhibiti, nao ukikosa kutokea, karatasi imeharibika, usisome chochote.

Ugombeaji huu ni wa zamani. Rosalyn Yalow na Solomon Berson waliutumia kupima insulini huko New York kwa iodini yenye mnururisho, kazi iliyompa Yalow Nobeli mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Mwaka 1971 Engvall na Perlmann, kule Stockholm, waliweka kimeng'enya badala ya mnururisho, ikazaliwa ELISA. Maabara hupima sumukuvu kwa ELISA pia: rangi ikipauka, sumu imezidi.

Sasa, kabla ya kupima, chukua bambo. Hapa usifanye haraka, maana kuvu hupenda kona moja ya gunia na kuziacha nyingine. Choma juu, katikati, chini, gunia baada ya gunia, changanya, saga yote. Ukipeleka gao moja la juu, umepima gao.

Mama mkwe akisema mahindi yananukia vizuri, mheshimu, kisha upime. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyopikwa yakaiva. Moto hauiui sumu hii. Kukoboa mahindi yawe muthokoi huipunguza tu.

Na mstari ukikosekana, usimmwagie ng'ombe mahindi hayo. Atakurudishia sumu ndani ya maziwa.