Jairo Haina Kosa

Kuna bwana hapa Kitui mjini: akinunua kijindege cha rimoti lazima kiwe na jairo (kile kifaa cha kukituliza angani), eti sasa kitajirusha chenyewe. Karatasi ya maelekezo ameachia watoto wafungie njugu. Anawasha betri huku amekishika na kukitikisa, ilhali jairo hutaka kwanza kulala chini ijue kutulia ni kupi. Kisha ukali wake anaupandisha hadi mwisho (alilipia wote, abakishe wa nini?), na mabawa yanatetemeka angani mwanzo hadi mwisho.

Hayo bado madogo. Kazi yenyewe ni mwelekeo wa jairo. Ukiinamisha bawa la kulia, eleroni yake (kibao kinachocheza nyuma ya bawa) ishuke, ya kushoto ipande. Zikifanya kinyume, jairo itasaidia kukiangusha, tena kwa bidii. Wanasema ukizunguka jiwe la Nzambani, hapa hapa Kitui, mara saba unageuka jinsia. Kijindege hakingoji saba. Swichi moja tu ya mwelekeo ikiwa kinyume, kimegeuka takataka.

Naye atalaumu upepo wa Agosti. Bwana mkubwa, upepo hausomi maelekezo, wewe unaweza. Inamisha bawa, utazame, ndipo urushe.