Jinsi ya Kuzurura Samia Bila Gari Kabla ya Kutembea hadi Namugongo

Anza kwa kumkatalia shemeji. Kila hujaji wa Namugongo, walikofia Mashahidi wa Uganda, ana shemeji mwenye gari, na shemeji huyo atajitolea kukuzungusha eneo zima la Samia, Busia ya Kenya, kwa nusu siku, vioo vimefungwa, eti usimalize nguvu za safari. Mshukuru, mpe chai, aende zake. Kutoka mpaka wa Busia hadi Namugongo ni kama kilomita 200 za lami, na mwili uliobembelezwa kitini utaanza kulia kabla ya Bugiri. Fika siku tatu nne mapema, uzunguke Funyula na Sio Port, hadi Port Victoria ya jirani, Bunyala, kwa matatu, boda na nyayo zako.

Makanga atakuapia kwamba zimebaki nafasi mbili. Chungulia ndani: zimebaki kumi. Panda hivyo hivyo. Kungoja gari lijae ndiyo shule yenyewe, maana hapo ndipo utakapojua mama aliye kando yako anapeleka wapi debe lake la mahindi, nani kafiwa, na ni kivuko gani kimefunikwa na maji.

Safari hii huangukia Mei, mwezi wa mvua. Mwenye boda atasimama chini ya kilima, azime pikipiki, akuambie ushuke. Shuka bila kununa. Vua viatu, vifunge kamba uvitundike shingoni, kisha panda ukikita vidole vya miguu kwenye tope, kama unavyoona watoto wa shule wakifanya mbele yako.

Njia huulizwa kwa adabu. Salimia, uliza hali ya nyumbani, ndipo uulize njia. Mzee akisema "ni hapa tu" huku kidevu kimeinuka kidogo, tembea bila wasiwasi. Akinyoosha mkono wote na kuvuta "kuleee", jaza chupa ya maji. Usimsumbue na kilomita. Muulize ukitoka sasa utafika jua likiwa wapi, naye atakujibu vizuri kuliko simu yako.

Port Victoria, wahi ufukweni asubuhi. Omena zimeanikwa juu ya nyavu kuukuu, zinameta kama sarafu mpya, na akina mama wanazigeuza kwa mikono huku jicho moja liko kwenye wingu la upande wa ziwa. Mvua ikizikuta hapo, mapato ya siku yameharibika. Keti. Saidia kugeuza. Ukikaribishwa ugali, nawa, ule, na usiguse pochi ukiwa bado mezani kwa watu. Hili nalishikilia kwa moyo wangu wote: asiyeweza kupokea sahani ya mtu asiyemjua hajawa tayari kwa hija. Huko mbele utalala sakafuni, parokiani au darasani, na utakula kilichopikwa na wanajumuiya ambao hutawaona tena. Mwaka 1886 Karoli Lwanga na wenzake waliswagwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo wakiwa wamefungwa, wakijua wanakwenda kuchomwa. Sisi tunakwenda mikono ikiwa huru, tukipewa maji njiani. Tusiyanung'unikie matope ya Funyula.

Viatu vipya viache dukani. Vaa vilivyokwisha kuujua mguu wako, na soksi za akiba ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji.

Hesabu siku kurudi nyuma kutoka Juni 3, siku ya Mashahidi: kwa mwendo wa kilomita 30 kwa siku, ni karibu juma zima hadi Namugongo, na Jinja utataka kupumzika. Beba kitambulisho. Tangu 2018 Busia ni kituo cha pamoja cha mpakani, kwa hiyo Mkenya anayeingia Uganda hukaguliwa upande wa Uganda. Usipoteze saa nzima kwenye foleni isiyo yako. Badilisha pesa kidogo, vuka na kundi lako alfajiri, na mtembee ukingo wa kulia wa barabara, mkiyaona malori yanayokuja usoni.