Mwanafamilia wa Saa 30

Kwa mujibu wa mkataba niliotia saini, mimi hapa Ujerumani si mfanyakazi. Ni mwanafamilia. Tunaitwa maopea. Opea ni kijana ambaye hajafikisha miaka 27, amepasi mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya kwanza (mimi wangu niliufanyia Goethe-Institut ya Nairobi), anakuja kukaa na familia ya watu kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Anawaangalia watoto, anasaidia kazi ndogondogo, naye anapewa chumba, chakula na pesa za mfukoni, euro 280 kwa mwezi. Kazi isizidi saa 6 kwa siku wala saa 30 kwa wiki. Siku moja na nusu kila wiki ni yake, afanye atakalo.

Aliyelelewa Garissa akisoma hayo lazima acheke. Kwetu mwanafamilia hana saa. Nimekuwa mwanafamilia tangu nizaliwe, na sikumbuki siku ambayo mama alitazama saa ukutani akasema, binti yangu, zamu yako imekwisha, mweke huyo mtoto chini ukapumzike. Watoto wa habaryar, dada wa mama, watoto wa adeer, ndugu wa baba, hata wa jirani aliyekuja kuazima chumvi akaondoka bila mwanawe, wote walipitia mgongoni kwangu. Pesa za mfukoni zilikuwa dua.

Basi nikajua nimeula. Saa 30! Nitalala mpaka nichoke kulala.

Hakuna aliyenitajia suruali za matope. Mtoto mdogo wa nyumba hii, mvulana wa chekechea, hatoki nje mpaka avae fulana ya ndani, sweta, suruali ya mpira yenye mikanda ya mabegani, buti za mpira na kofia ya kufunika masikio. Ukishamaliza kumfunga mkanda wa mwisho, anataka kwenda haja. Mvua ikinyesha Garissa tunamshukuru Mungu tukiwa ndani, maana njia ya mbele ya lango imeshakuwa lagha, mto wa msimu wa mvua. Hapa mvua ikinyesha ndiyo saa ya kucheza. Wana msemo wao kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Waje Garissa mwezi wa tatu, jua la digrii 37 liwaoneshe ni nguo gani hiyo.

Na akikataa buti, tunajadiliana. Tangu mwaka 2000 sheria yao inampa mtoto haki ya kulelewa bila kuchapwa. Sina neno na sheria hiyo, sikuja kumchapa mtu. Lakini mama yangu alikuwa na jicho. Akikutazama mara moja kutoka upande wa pili wa boma, unakumbuka kazi zote ulizokuwa umezisahau. Jicho lile nimelijaribu hapa. Mvulana akanisogelea, akaniuliza kwa upole kama ninaumwa na macho.

Takataka nazo zina shule yake. Pipa la kahawia ni la maganda na mabaki ya chakula. La manjano ni la plastiki na makopo, la buluu la karatasi, jeusi la yaliyokosa kwao. Chupa za vioo hazina pipa nyumbani, zinapelekwa kwenye makasha ya mtaani, nyeupe kivyake, kijani kivyake, kahawia kivyake. Na zisipelekwe Jumapili, kwa sababu kelele ya kioo kikivunjika itawasumbua majirani wanaopumzika. Nimetoka mji ambao mnadi wa gari la kwenda Dadaab anaanza kupiga kelele kabla ya alfajiri, halafu leo nisimame jikoni nimeshika pakiti ya maziwa, niwaze ni ya karatasi au ni ya plastiki. (Ni ya manjano. Usiniulize kwa nini.)

Halafu kuna mbwa.

Kwenye simu ya video waliponihoji, mbwa hakuonekana. Sisi ni Mashafii. Mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, na Januari hapa udongo wenyewe umeganda, hauchimbiki. Nikawaeleza, na haki yao niwape, walisikiliza wote wamekunja nyuso kwa heshima. Jibu likawa ninunuliwe glavu. Tangu hapo mimi na mbwa tumeelewana: yeye hanilambi, nami sipeleki habari zake Garissa.

Kilichonikata maini ni pasipoti yake. Mbwa ana pasipoti. Kitabu cha buluu chenye nyota za Umoja wa Ulaya, kimeandikwa jina lake, tarehe ya kuzaliwa, rangi ya manyoya na sindano alizodungwa. Manispaa inamtoza kodi kila mwaka, kwa hiyo ni mlipa kodi, jambo ambalo mimi si. Wakienda mapumziko Ufaransa anavuka mpaka amelala kiti cha nyuma.

Mimi kitambulisho nilikipata kabla Rais Ruto hajaenda Wajir, Februari 2025, kutangaza kwamba msasa kwa watu wa Kaskazini Mashariki umefutwa. Yaani nilipigwa msasa mpaka nikang'aa. Nilibeba kitambulisho cha baba, kitambulisho cha babu na barua ya chifu, wazee wakaketi kwenye viti vya plastiki wakaniuliza ukoo hadi kisima ambacho babu alinyweshea ngamia. Rafiki yangu wa Nyeri niliyesoma naye alikwenda na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, akarudi nyumbani kwa chakula cha mchana. Sasa kila asubuhi nashika kamba, kwenye ncha ya pili kuna kiumbe ambacho hakijawahi kuulizwa babu yake alinywa maji wapi, na mfuko wa kuokotea mavi yake ninao mimi.

Ukoo wenyewe huku umenifuata kwa njia nyingine. Sisi Wasomali hatuna jina la familia, tuna jina la mtu, la baba na la babu. Fomu za Kijerumani hazijui mambo hayo. Zikachukua la mwisho, na sasa kwa daktari wa meno ninaitwa Frau Abdullahi. Babu yangu, Mungu amrehemu, alichunga ngamia maisha yake yote na nadhani hakuwahi kuvuka Mto Tana. Leo anaitwa kwa kipaza sauti aje kusafishwa meno.

Nikaona basi niwafundishe watoto kutaja mababu, kama tulivyofundishwa sisi kabla hata ya kujua kuhesabu. Msichana wa nyumba, dada mkubwa wa yule mvulana, alipenda sana. Jioni akaanza mezani: mimi ni binti wa fulani, mwana wa fulani. Kwa babu yake akafika vizuri, picha yake ipo ukutani. Akauliza: na baba yake babu, alikuwa nani, alifanya kazi gani alipokuwa kijana? Ndugu zangu, nilifanya hesabu ya miaka kichwani nikiwa nimechelewa. Meza ilinyamaza. Baba mwenye nyumba akakohoa, akaomba siagi, na siagi ilikuwa mbele yake.

Siagi hiyo ndiyo chakula cha jioni. Mkate, siagi, jibini, tango. Baridi yote hii, na usiku watu wanakula chakula baridi kwenye vibao! Nilivumilia, kisha Jumamosi moja nikapika baasto, tambi zetu, kwa nyama ya mbuzi niliyoitafuta kwa Mturuki, nikaweka na ndizi mbivu pembeni kama inavyotakiwa. Watoto walikula mpaka wakalamba sahani. Baba akaisukumia ndizi yake kando, akaniambia kwa adabu kwamba ataila baadaye, baada ya chakula. Peremende nazo sili, maana zile za umbo la dubu walizozoea kunipa watoto zina jelatini ya nguruwe. Nchi ambayo hata dubu ni nguruwe inataka umakini.

Haya yote ningeyameza kimya kama si ile familia yangu nyingine, ile isiyo na mkataba. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin makubaliano ya ajira, Ruto na Scholz, kansela wa Ujerumani wa wakati huo, wakiwepo. Siku hiyohiyo ukaenea uvumi wa nafasi 250,000 za Wakenya. Serikali ya Ujerumani yenyewe iliukana, lakini kukana kwake hakukufika kwenye kundi letu la WhatsApp. Abti mmoja, kaka wa mama, ananiuliza mpaka leo: katika nafasi laki mbili na nusu, wewe ukaona uchague ya kupangusa makamasi? Habaryar yeye ana shauri lake: kama ni kulea watoto wa watu, si ungekwenda Saudia kama wenzako, angalau ungefanya Umra?

Wakishamaliza kunidharau wanaomba pesa. Euro 280 ni zaidi ya shilingi 40,000, na hesabu hiyo kwetu anaijua hata asiyejua kusoma. Wameniingiza kwenye ayuto, mchango wa kupokezana wa akina mama, bila kuniuliza, na zamu yangu ya kupokea imewekwa ya mwisho kabisa, kwa sababu "wewe huko huna shida". Ninavyoandika hivi nina mfuko wa chupa tupu za plastiki chini ya kitanda. Ukizirudisha dukani mashine inakulipa senti 25 kwa chupa. Mtu wa Ulaya kamili.

Lakini kesi kubwa niliyonayo sasa ni ya mama. Aliniomba nimweleze vizuri kazi yangu, akiwa ameweka simu kwenye spika, na dada wetu wa kazi kutoka Mwingi yuko palepale anakoroga unga wa anjera. Nikaeleza: saa 30, chumba changu chenye ufunguo, siku moja na nusu. Nikasikia mwiko umesimama.

Dada yule huamka kabla ya adhana ya alfajiri na kulala baada ya sahani ya mwisho, na mimi miaka yote niliyokuwa pale sikuwahi kumwona akiwa na siku yake. Hakusema neno. Wiki iliyofuata akaomba Jumapili. Mama akasema atafikiria. Dada akarudi na simu mkononi, akamsomea kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku 7, na akauliza kwa heshima zote Jumapili za nyuma zitahesabiwa vipi. Mama alinipigia usiku wa manane kunifokea, Jumapili keshampa, na sikumaliza hata kujitetea.

Juzi mambo yamefika mbali zaidi. Dada ana miaka 24, ameanza Kijerumani kwa simu, na jioni anahesabu moja mpaka mia akipanga vyombo, wadogo zangu wakimfuatisha. Familia za huku hupenda kuona barua ya mtu uliyemlelea watoto, kwa hiyo amemwomba mama. Mama ameniagiza mimi niiandike, yeye ataweka sahihi tu. Niseme kwamba ni mwaminifu, ana subira, watoto wanampenda. Kuhusu mapishi nisiguse kabisa, maana barua itachapishwa pale kwa kijana wa saiba karibu na soko, na mke wa jirani yetu hupita hapo kila siku.